Mkondo wa giza: kwa nini kamera ya darubini hupozwa

Funika mdomo wa darubini, zima taa, kisha piga picha ya dakika tano. Ungetegemea weusi mtupu, lakini unapata chengachenga, kama runinga iliyopoteza mawimbi. Hakuna mwanga ulioingia. Chenga hizo zimetokana na kitu kiitwacho mkondo wa giza.

Chanzo ni joto. Sensa ya kamera ni kipande cha silikoni kinachokusanya elektroni zilizong'olewa na mwanga. Joto nalo huzing'oa, na sensa haijui ipi imeletwa na nyota na ipi na joto, hivyo huzihesabu zote. Kwa picha ya harusi haidhuru, maana mwanga ni tele na picha imekwisha kufumba na kufumbua. Anayepiga nebula, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, ndiye anayeumia, kwa kuwa husubiri dakika nyingi.

Heri ni kwamba mkondo huu hupungua kwa nusu kila joto linaposhuka nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Toka 24 hadi 0 umebaki na sehemu moja ya 16. Fika -12, moja ya 64.

Wapo wasemao: si upige picha ya giza tupu, kompyuta iitoe kwenye picha halisi? Hufanywa hivyo, na husaidia. Ila mkondo hautulii. Pikseli yenye elektroni 10,000 za joto huyumba kwa kipeuo chake cha pili, yaani 100. Unaweza kuzitoa zile 10,000, lakini kuyumba hakutoki, na galaksi iliyokuletea elektroni 50 imezama humo. Gawanya kwa 64: zinabaki 156, zinayumba 12 tu. Galaksi inaonekana.

Anayejiundia kamera hutumia kibamba cha Peltier, kilichopewa jina la Mfaransa aliyegundua kanuni yake mwaka 1834. Ukipitisha umeme, uso mmoja hupoa na wa pili huchemka. Wanaoanza hushughulikia ule baridi tu, na hapo ndipo wanapokosea. Uso wa moto hubeba joto la sensa pamoja na la umeme wenyewe; usipoufungia aluminiamu yenye mapezi na feni, joto hurudi lilikotoka. Baadhi ya waliojiundia kamera Marekani miaka ya 1990, kwa sensa ya TC211 yenye pikseli 192 kwa 165 tu, waliupoza uso huo kwa maji yaliyozungushwa na pampu.

Kisha unyevu. Kwa hewa ya Mombasa au Dar, sensa baridi hutoka jasho kama chupa ya soda, na ikishuka chini ya sifuri huota barafu. Kwa hiyo huwekwa ndani ya kikasha kisichopitisha hewa, chenye kidirisha cha kioo na punje za silika, zile za vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Tafuta za buluu: zikigeuka waridi zimeshiba maji, zikaushe kwa moto mdogo kabla ya kufunga tena.