Joe, Cisco na Iris: nani anayeibeba The Flash?

Hapa Lamu, ukikaa barazani baada ya isha na vijana wanaoifuata The Flash, tamthilia ya Kimarekani ya kijana mwenye kasi ya ajabu, ubishi haukawii kufika palepale. Barry Allen ndiye steringi, hilo halina mjadala. Baada yake ni nani? Wengi watakwambia Cisco, fundi wa vyombo vyake, wachache watasema Wells, mwanasayansi, na Iris, mpenzi wake na baadaye mkewe, atatupiwa maneno makali. Mimi nasema ni Joe West, babake Iris na mlezi wa Barry, na nina kipimo changu.

Chukua episodi moja, dakika kama 42, uitazame na karatasi mkononi. Kwa kila mhusika msaidizi andika majibu matatu. Ameleta nini ambacho Barry hakuwa nacho, iwe ni habari, chombo au uamuzi? Asingekuwepo, kisa kingekwama wapi? Na msaada wake umemgharimu nini? Mwenye jibu la swali la kwanza peke yake ni mjumbe tu: maneno yake ukimpa mwingine, hakuna atakayetambua. Mwenye majibu yote matatu ndiye anayebeba mzigo.

Kipimo hiki si kigeni kwetu. Fumo Liyongo hakuna silaha iliyomuweza isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, lakini kule gerezani nguvu zake hazikumtoa. Kilichomtoa ni tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Mamake aliuandaa, na Saada, kijakazi wake, akaupitisha mbele ya walinzi waliozoea kula vilivyo vizuri na kumwachia mfungwa makapi. Minyororo ikakatwa huku nje gungu likichezwa kwa kelele. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu aliiandika habari hiyo katika utendi wake wa mwaka 1913. Mtoe Saada, na utendi wenyewe unaishia gerezani.

Katika msimu wa kwanza, ulioanza Oktoba 2014, Cisco Ramon ndiye Saada wa Barry. Vazi jekundu ni kazi ya mikono yake, na alilibuni kwanza kwa ajili ya wazimamoto. Bunduki ya baridi pia aliiunda yeye, iwapo mwenye kasi angegeuka kuwa mbaya. Bunduki ile ikaibwa, ikaangukia mikononi mwa Leonard Snart, na kuanzia hapo adui mkubwa wa Barry anatembea na silaha iliyotoka katika karakana ya rafiki yake. Kwenye episodi ya 16 Snart anamtesa Dante, kakake Cisco, mpaka Cisco anatoboa siri ya Flash ni nani. Maswali yote matatu yamejibiwa: ameleta chombo, bila yeye hakuna kisa, na amelipa kwa aibu ya kumsaliti rafiki ili kumwokoa ndugu. Carlos Valdes aliicheza sehemu hiyo bila kupiga kelele, na ndiyo sababu inauma.

Kisha waandishi wakampa nguvu zake mwenyewe. Kuanzia msimu wa pili Cisco anaona yaliyo mbali, baadaye anafungua milango ya kuingia dunia nyingine. Mashabiki wengi walifurahi. Mimi naona hapo ndipo uzito wake ulipoanza kupungua. Tatizo lililohitaji episodi nzima ya kufikiri na kuunda likawa linamalizwa kwa kunyoosha mkono. Na mwandishi asipotaka limalizike mapema, itabidi mlango ukatae kufunguka, au Cisco apigwe azimie. Ukiona msaidizi anazimia mara kwa mara, jua kwamba amepewa uwezo ambao kisa hakiwezi kuuhimili. Mwishoni mwa msimu wa tano anakunywa dawa ya kuondoa nguvu hizo. Msimu wa sita anarudi kwenye vyombo vyake, na anapendeza tena. Valdes aliondoka msimu wa saba, mwaka 2021, na meza ya kazi akaachiwa fundi mwingine, Chester. Chester ni mcheshi, lakini kwenye swali la gharama karatasi yake mara nyingi hubaki tupu.

Sasa Joe. Hana kasi wala maabara. Ni mpelelezi wa polisi aliyemchukua Barry akiwa na miaka 11, mama ameuawa na baba amefungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Anacholeta ni uamuzi, na kwa steringi mwenye haraka hicho ndicho adimu kuliko vyote. Itazame vizuri episodi ya 23, ya mwisho wa msimu wa kwanza. Barry anaweza kurudi nyuma na kumwokoa mamake. Joe anamwambia aende, ingawa anajua kwamba huenda miaka yote waliyoishi kama baba na mwana ikafutika. Henry, baba mzazi, aliye gerezani na ambaye angefaidika kuliko yeyote, anamwambia asiende. Hawa ni wahusika wasaidizi wawili, kila mmoja anashauri kinyume na faida yake. Sijaona katika misimu yote tisa ushauri uliopangwa vizuri kuliko huo. Jesse L. Martin anausema kwa sauti ya chini, kama mzazi anayemuaga mwana anayepanda chombo kwenda mbali.

Joe ana kosa lake, na kosa hilo ndilo linalomchafulia jina binti yake. Tangu episodi ya kwanza anamfunga Barry kwa ahadi kwamba Iris asiambiwe lolote. Siri inabebwa karibu msimu mzima. Hata Eddie, mchumba wa Iris, anaijua kabla yake. Iris ndiye aliyeanza kuandika mtandaoni kuhusu yule mtu wa kasi wakati wengine wanabisha kama yupo, na bado anafanywa mtu wa kudanganywa na kila anayempenda. Mnaosema Iris anakera, rudieni msimu huo mhesabu ni mara ngapi anaruhusiwa kujua anachokifanya. Mtu asiyepewa habari hawezi kuleta kitu. Waandishi walimfungia mlango, kisha lawama akabebeshwa aliyekuwa nje. Halafu kuna jambo lisilohusu uandishi kabisa: Candice Patton, aliyemcheza Iris, amesema hadharani juu ya matusi ya rangi aliyotupiwa na baadhi ya mashabiki. Hayo si maoni kuhusu mhusika, wala hayana nafasi barazani.

Kwa wanaonunua misimu kwenye flashi dukani, kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Kisa kinavuka kutoka tamthilia moja hadi nyingine, na folda yenye The Flash peke yake itakupotosha. Mwaka 2017 kisa kimoja kiligawanywa mara nne, na kila sehemu ni episodi ya nane: Supergirl msimu wa 3, Arrow msimu wa 6, The Flash msimu wa 4, kisha Legends of Tomorrow msimu wa 3. Harusi ya Barry na Iris inavurugwa mwanzoni, na hatimaye wanafungishwa ndoa na Diggle, mhusika wa Arrow, kwenye ile sehemu ya Legends. Mwenye The Flash tu ataiona harusi ikivunjika, kisha atawakuta wameoana. Kifo cha Profesa Stein, mhusika wa Legends, pia kimo humohumo. Kisa cha sehemu tano kilichoanza Desemba 2019 kina mtego huohuo: The Flash ni sehemu ya tatu, baada ya Supergirl na Batwoman, na kinamaliziwa na Arrow na Legends. Mwambie mwenye duka akupangie kwa mfuatano huo.

Wells namtaja kwa ufupi kwa sababu ubishi wake ni wa mwigizaji, Tom Cavanagh, kuliko wa mhusika: sura moja, mtu mpya karibu kila msimu. Bora kwangu ni HR wa msimu wa tatu, yule asiyejua sayansi yoyote. Anabadilishana sura na Iris na kufa mahali pake. Kwa msimu mzima alionekana hana kazi, kumbe anaandaliwa kazi moja tu.

Eddie Thawne, yule mchumba wa Iris, naye alijipiga risasi mwishoni mwa msimu wa kwanza ili kizazi kitakachomzaa adui wa Barry kikatike. Msimu wa tisa, mwaka 2023, walimrudisha akiwa adui mwenyewe. Wapo waliofurahi kumuona tena Rick Cosnett, na uigizaji wake haukuwa na kasoro. Lakini ile risasi ilikuwa malipo yake, na malipo yakirudishwa, jibu la swali la tatu linafutika.