Presha ya macho inapotembea kwenye ukoo: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

"Babu alipofuka kwa uzee tu."
Uzee peke yake haupofushi. Mzee anayejigonga kwenye fremu za milango na kupiga teke ndoo iliyo pembeni, ilhali sura yako bado anaitambua, huenda ana glakoma, ile tunayoiita presha ya macho. Mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo hufa kidogo kidogo, na uoni wa pembeni ndio hutangulia kupotea. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu 4 kati ya 100 wenye miaka 40 na zaidi wanayo.

"Ukoo ule umerogwa, wazee wao wote huishia kushikwa mkono."
Kinachorithiwa ni jeni, yaani vinasaba. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walikadiria mwaka 1998 kwamba kati ya kila kaka, dada na watoto 100 wa wagonjwa, 22 wangeugua maishani mwao. Kwa familia zisizo na mgonjwa, kama 2 tu. Kwa hiyo mgonjwa akigundulika, wa kwanza kupelekwa kliniki ya macho ni kaka na dada zake, na hao ndio husahaulika.

"Basi kuna jeni moja ya upofu, na wazazi wangu wanaona vizuri."
Ipo inayokaribia maelezo hayo. Mwaka 1997 jeni ya MYOC ilihusishwa na glakoma. Ikiwa na hitilafu, hutengeneza protini iliyokunjika vibaya, seli za njia ya kutolea maji ya jicho zinaelemewa, maji yanabaki ndani na presha inapanda, wakati mwingine mtu akiwa bado kijana. Lakini hiyo inaeleza wagonjwa wasiofika 5 kati ya 100. Kwa wengi waliobaki, zinachangia sehemu nyingi za vinasaba, zaidi ya 100 zimeshatambuliwa, kila moja ikiongeza hatari kidogo. Ndiyo maana mtoto anaweza kukusanya kwa baba na mama mchanganyiko ambao wao wenyewe haukuwadhuru. Na ndiyo maana kipimo cha vinasaba bado si cha kila mtu.

"Siumwi macho, na presha yangu iko sawa."
Presha ya mkononi ni ya damu, haisemi lolote kuhusu jicho. Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi. Hata presha ya jicho ikisoma kati ya 10 na 21, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, bado hujawa salama: wapo wanaoharibika mshipa ndani ya kiwango hicho. Daktari lazima autazame mshipa wenyewe, kisha akukalishe mbele ya mashine, jicho moja limezibwa, ubonyeze kitufe kila unapoona nukta ya mwanga.

"Nitafanyiwa operesheni nione tena, kama shangazi alivyotolewa mtoto wa jicho."
Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Matone kama timolol au latanoprost, na upasuaji, hulinda kilichobaki. Mwenye pumu aseme mapema, timolol inaweza kumbana kifua.

"Macho yakiwasha nanunua matone dukani."
Yenye deksamethasone, dawa ya jamii ya steroidi, yanaweza kupandisha presha ya jicho, na wenye glakoma kwenye familia wamo kwenye hatari kubwa zaidi. Soma chupa kabla hujalipa. Ukikuta jina hilo, irudishe kaunta mpaka umwone daktari wa macho.