Ndoa ya nusu karne isiyoonekana: kwa nini The Notebook inagawa wasomaji

Ni riwaya chache zinazogawa wasomaji kama The Notebook ya Nicholas Sparks. Mmoja atakwambia aliimaliza kwa usiku mmoja macho yakiwa yamevimba kwa kulia. Mwingine atakwambia aliiweka chini kabla ya kufika katikati, amekereka, na hajui wenzake wanalilia nini. Ilitoka Oktoba 1996 na ubishi wake haujapoa hadi leo. Kazi yangu ni kuhariri riwaya, nyingi zikiwa za mapenzi, na fasihi pendwa naipenda kwa moyo wote. Kwa hiyo ubishi huu unanigusa, hasa pale wanaolia wanapoambiwa hawajui kusoma na wasiolia wanapoambiwa hawana moyo. Mimi naona pande zote mbili zinasoma vizuri. Kinachozitenganisha ni sehemu ya hadithi ambayo mwandishi hakuiandika.

Kwa ambaye hajaisoma, nitaieleza hadi mwisho, maana bila mwisho hakuna cha kujadili. Mzee mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee huchukua daftari na kumsomea mwanamke asiyemtambua. Ndani ya daftari mna kisa cha Noah Calhoun na Allie Nelson, waliokutana mwaka 1932 katika mji wa New Bern, North Carolina, Noah akiwa na miaka 17 na Allie 15. Likizo ilipokwisha wakatengana. Noah aliandika barua, mama yake Allie akazificha. Miaka 14 ikapita, vita vikaja vikaisha. Mwaka 1946 Allie amechumbiwa na wakili, Lon Hammond, na zimebaki wiki tatu tu afunge ndoa. Anaona gazetini habari ya nyumba kuukuu ambayo Noah ameikarabati, anafunga safari kwenda kumwona. Wanakaa pamoja siku mbili. Kisha daftari linafungwa kabla hatujaambiwa alimchagua nani, tunarudi kwa wale wazee, na hapo tunafahamu kwamba anayesoma ni Noah, anayesomewa ni Allie, mke wake wa miaka mingi, na kinachomfanya asimjue mumewe ni Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu.

Malalamiko yanayosikika zaidi ni ya lugha. Kwamba sentensi ni rahisi mno, kwamba kila machweo ni mazuri, kila mvua hunyesha kwa wakati wake, na Noah ni mwema kupita kiasi: mtu wa kazi za mikono anayesoma mashairi ya Walt Whitman, mvumilivu, asiye na kinyongo hata na waliozificha barua zake. Kwa istilahi za darasani, ni mhusika bapa, yaani mwenye upande mmoja tu. Nakubaliana na mengi ya hayo. Ningekuwa na mswada ule mezani ningepunguza sifa za Noah na kumwachia walau ila moja ya kweli. Ila hoja ya lugha haitufikishi mbali. Nimewasikia wasomaji wengi wanaozilaumu sentensi zile zile ukurasa wa thelathini, kisha wakakiri kwamba kurasa za mwisho ziliwashinda. Lugha haikubadilika kiasi hicho baina ya sehemu hizo mbili. Kuna jambo jingine linalofanya kazi.

Mhakiki I. A. Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1929 juu ya namna watu wanavyosoma mashairi, alitoa kipimo ambacho bado kinatumika: hisia huwa imezidi pale inapokuwa kubwa kuliko jambo lililoisababisha. Ni kipimo kizuri, na wanaoibeza The Notebook hukitumia hata kama hawajawahi kusikia jina la Richards. Wanasema: nimeonyeshwa vijana wawili waliopendana msimu mmoja na watu wazima waliokaa pamoja siku mbili, sasa naombwa nilie kana kwamba nimeshuhudia mapenzi ya maisha mazima. Jambo ni dogo, machozi yanayodaiwa ni mengi.

Basi tuhesabu kilichoandikwa. Kuna mwaka 1932, unaosimuliwa kwa mbinu rejeshi. Kuna siku mbili za 1946, ambazo ndizo zilizopewa nafasi kubwa. Kuna uzeeni. Kati ya 1946 na uzee kuna ndoa inayokaribia nusu karne, na ndoa hiyo imepewa aya chache za kumbukumbu: watoto walizaliwa, Allie akawa mchoraji, nyumba ikajaa. Riwaya inayosifiwa kwa kuonyesha mapenzi yanayodumu imeuruka muda wenyewe wa kudumu. Hatumwoni Noah akiwa mume wa miaka 40 aliyechoka. Hatujui waligombania nini, nani alikuwa wa kwanza kunyamaza na nani wa kwanza kusalimu amri, fedha zilipopungua walitazamanaje. Usione vyaelea, vimeundwa. Sparks ametuonyesha mbao msituni, halafu ametuonyesha chombo kikiwa kimefika bandari ya mwisho.

Ili kuona ukubwa wa pengo hilo, weka kando yake riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1985, ile ya mapenzi wakati wa kipindupindu. Nayo ina mpenzi anayengoja, Florentino Ariza, tena kwa muda uliohesabiwa: miaka 51, miezi tisa na siku nne. Nayo ina wanaoichukia, na wana sababu nzito, kwa sababu Florentino anayafanya mengi machafu katika miaka hiyo ya kungoja. Lakini katikati ya kungoja huko mna ndoa ya Fermina Daza, mwanamke anayengojwa, na daktari Juvenal Urbino, na ndoa hiyo tunaiona kwa macho. Mume analalamika kwamba ameoga karibu wiki nzima bafuni hakuna sabuni. Mke anajua zimepita siku tatu tu, na kwamba kosa ni lake kweli, lakini kule kutiwa chumvi kunamuuma kuliko kosa. Miezi inapita wamenuniana, wanalala mbalimbali, hadi mume anarudi kitandani na kusema sabuni ilikuwapo. Haikuwapo, na wote wawili wanajua. Kurasa chache tu zinazohusu kipande cha sabuni, na msomaji anaondoka akijua ndoa ile imejengwa kwa nini na imesimama juu ya nini. Hakuna kurasa za namna hiyo katika The Notebook.

Hapa ndipo wasomaji wanapogawanyika, kwa sababu pengo katika hadithi halikai tupu. Msomaji hulijaza kwa alicho nacho. Aliyewazika wazazi waliokaa pamoja hadi mwisho atawatia wazazi wake humo. Mjane atamtia mumewe, na miaka yote anayoikumbuka itaingia katika zile aya chache na kuzijaza hadi kumwagika. Kijana ambaye bado hajapenda kwa muda mrefu atatia matumaini yake. Wote hao wanalilia jambo kubwa kweli, sawasawa na kipimo cha Richards, isipokuwa nusu ya jambo hilo wamekuja nalo wenyewe. Lakini mwingine ametoka katika ndoa iliyovunjika pole pole, neno kwa neno, au bado yumo ndani ya ndoa inayomgharimu kila siku. Huyo akifika kwenye pengo anaona limerukwa lile ambalo yeye hawezi kuliruka. Anajiona amedanganywa. Wapo pia wasomaji wasiopenda kumsaidia mwandishi kazi. Wanataka waonyeshwe, na hiyo ni haki yao.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kitabu hiki ni kitamu kupita kiasi na mwingine akisema ni cha kweli kuliko vyote, siwasikii wakipingana. Wamesoma vitabu viwili tofauti, kila mmoja akiwa ameandika sura ya katikati.

Sparks mwenyewe ameeleza kwamba kisa kilitokana na babu na bibi wa mkewe, wazee waliokuwa wameishi katika ndoa kwa zaidi ya miaka 60. Nadhani hilo linaeleza mengi juu ya umbo la riwaya. Wazee wa namna hiyo ukiwatembelea wanakusimulia walivyokutana, na unajionea kwa macho walivyo sasa. Miaka ya katikati hawaisimulii, kwa sababu ni mingi, kwa sababu inafanana, na kwa sababu nyingine ina mambo ya siri yao wawili. Mgeni anaondoka na mwanzo na mwisho tu. Riwaya hii imeandikwa na mgeni mwenye mapenzi ya kweli kwa wenyeji wake, na kama mgeni yeyote imekomea sebuleni.

Kundi moja la wasomaji nalisikiliza kwa makini zaidi: waliomuuguza mtu mwenye Alzheimer. Hata hao hawakubaliani. Wengine wanakasirishwa na wazo kwamba mke anaweza kurudi, yaani kumtambua tena mumewe, kwa saa chache akisomewa hadithi yake, na hasira yao ina msingi. Wamewasomea wapendwa wao, wamewaimbia, wamewaonyesha picha, na hakuna aliyerudi. Kitabu kinawaacha na swali la kikatili, kama mapenzi yao hayakutosha. Sparks analijua tatizo, ndiyo maana madaktari ndani ya riwaya wanashangazwa na hali ya Allie na muujiza unaitwa muujiza. Aliyekesha na mgonjwa hatulizwi na hilo.

Wengine wa kundi hilo hilo wanasema riwaya imesema jambo la kweli ambalo hawakulikuta kwingine: kwamba jioni huwa ngumu kuliko asubuhi, kwamba unaweza kukaa na mtu alasiri nzima akafurahi nawe bila kujua wewe ni nani, kwamba furaha hiyo si bure. Upande huu una ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikumbuka kidogo sana au hawakukumbuka kabisa walichokitazama, lakini huzuni au furaha yenyewe ilikuwa bado imo. Hisia ilidumu kuliko kumbukumbu. Noah angeendelea kusoma hata bila muujiza, na kusoma kwake kungekuwa na maana. Natamani riwaya ingekuwa na ujasiri wa kusimama hapo.

Ubishi unavurugwa zaidi na filamu ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Nick Cassavetes. Nusu ya mabishano ninayoyasikia yanahusu filamu, wenyewe wakidhani wanabishania kitabu. Barua 365, moja kwa kila siku ya mwaka, ni za filamu. Katika filamu daftari limeandikwa na Allie. Katika kitabu ameliandika Noah. Hilo si dogo. Allie akiwa ndiye aliyeandika, kila usomaji ni kutimiza ombi lake mwenyewe. Noah akiwa ndiye aliyeandika, ni mwanamume anayemsimulia mwanamke maisha yake huku mwanamke huyo hawezi kusahihisha neno. Kuna wasomaji wanaoona hapo mapenzi, na kuna wanaouliza sauti ya Allie iko wapi. Swali lao ni zuri, na barua ya Allie iliyomo kitabuni inalijibu kwa kiasi tu.

Hata mwisho si mmoja. Filamu inawafisha wazee wote wawili usiku mmoja, wameshikana mikono, na wengi walioicheka riwaya waliucheka mwisho huo, ambao haumo kitabuni. Katika kitabu Noah amepatwa na kiharusi, mwili haumtii, lakini usiku wa kuadhimisha ndoa yao anajikokota kwenda chumba cha mkewe ingawa sheria za pale zinakataza. Muuguzi wa zamu anamwona, anatangaza kwamba anakwenda kutafuta kahawa na kwamba atachelewa kurudi, anaondoka. Ni tendo dogo, lisilopambwa, la mtu wa tatu ambaye hadithi haimhusu. Kwangu hapo ndipo Sparks alipoandika vizuri kuliko pote. Kisha Noah anafika kitandani, Allie anamtambua, wanabusiana, Allie anaanza kumfungua vifungo vya shati, na kitabu kinaishia hapo.

Tukio hilo la mwisho limewasumbua wasomaji kwa haki, kwa kuwa mwanamke anayemjua mumewe kwa dakika chache tu hayuko katika hali ya kawaida ya kukubali au kukataa. Mimi nalisoma kwa kuangalia nani anaanza. Anayeanza ni Allie. Noah amekuja kukaa naye, basi. Mwandishi amemwachia Allie tendo la mwisho baada ya kitabu kizima cha kusimuliwa na mumewe. Wapo wahariri wenzangu wanaosema ningepaswa kuona zaidi hatari ya ukurasa ule kuliko uzuri wake, na tumebishana juu yake zaidi ya mara moja bila kupatana.

Sura zinazosimuliwa na Noah mzee, kwa nafsi ya kwanza, mikono yake ikiwa imekakamaa kwa baridi yabisi, ndizo ninazozitetea. Siku mbili za 1946 nawaachia wanaozilaumu. Na kama ningepewa nafasi ya kumwomba mwandishi sura moja ya ziada, ningeomba mwaka wowote wa katikati, watoto wakiwa bado wadogo, siku ambayo Noah na Allie hawasemezani, na sababu yenyewe iwe ndogo.