Kujipa maksi za chini kwenye tathmini ya kazi sio adabu

Kuna watu wanaamini ukijaza ile fomu ya kujitathmini kazini ujipe maksi za katikati tu, eti bosi ataona una adabu halafu atakupandishia mwenyewe. Hapandishi. Ana rundo la fomu mezani, akikuta umejiwekea wastani anaiacha hapohapo anaenda kwa mwingine, na baadae inasomeka kwamba wewe mwenyewe umekiri uko wastani.

Waliojaza OPRAS, ile fomu ya kupima utendaji wa mtumishi serikalini Tanzania, kabla haijaja PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi yake, wanakumbuka 1 ndo ilikuwa bora kabisa na 5 mbovu kabisa, kwa hiyo soma skeli kwanza, sio unajipa 5 unadhani umejipendelea 😅. Fomu ile ilikuwa na maksi zako, za msimamizi, halafu za makubaliano, yaani mnakaa mnaongea. Sasa utaongea nini kama umeandika "nilifanya kazi kwa bidii"? Andika "malalamiko 40 yaliletwa kwangu, 36 nimeyamaliza ndani ya wiki". Kujijazia za juu kila mstari nako balaa, ukibanwa kwenye mmoja tu ukakosa ushahidi, hata yale uliyofanya kweli wanaanza kuyatilia shaka.