Je, wajua? Kuna masoko Marekani ukitoa dola 10 unapata mboga za 20

Marekani mtu mwenye kipato kidogo anapewa na serikali hela ya chakula kila mwezi, mpango unaitwa SNAP. Hela yenyewe haishiki mkononi, inaingia kwenye kadi ya EBT, ina namba ya siri kama ya ATM, na ndugu zetu Wakongo waliopelekwa kule kama wakimbizi wanaijua vizuri sana.

Sasa hiyo hela ni ya kubana, na mwenye hela ya kubana ananunua kinachoshibisha, sio stroberi. Sio kwamba hajui faida ya mboga, bei ndo inamkimbiza. Ndo 2009 pale Detroit ukaanza mpango wa Double Up Food Bucks kwenye masoko machache ya wakulima: unafika meza ya maulizo unasema nikatie 10, wanapitisha kadi, wanakupa tokeni za 10 na nyingine za 10 bure, ila hizo za bure ni matunda na mboga tu, afu unazunguka mezani kwa wakulima, unampa mwenye nyanya tokeni zako na yeye baadae anaenda kulipwa na soko.

Kwa nini tokeni? Kumbe zamani msaada ulikuwa vocha za karatasi, mkulima anapokea kama noti. Kadi zilipoenea nchi nzima, mwaka 2004, wengi wakaachwa maana pale uwanjani umeme hamna, laini ya simu hamna. Ikabidi soko zima litumie mashine moja, na mezani kwa wakulima zitumike tokeni.

Jimbo la Massachusetts tangu 2017 lina mpango wake na halina habari za tokeni, ukilipa dola 5 ya mboga kwa mkulima aliyesajiliwa, 5 inarudi kwenye kadi yako hapo hapo. Mi naona hii ndo bora, tokeni zinamwonyesha kila mtu kwamba we ni wa msaada.

Na inafanya kazi kweli? Hukohuko Massachusetts, kaunti ya Hampden, 2011 mpaka 2012 walijaribu kurudisha senti 30 tu kwa kila dola, na waliopewa wakala matunda na mboga zaidi kwa asilimia 26 kuliko wasiopewa. Senti 30 tu jamani!

Shida ni bajeti. Watu wanaitumia sana mpaka Desemba 2024 Massachusetts ikashusha kikomo cha hela inayorudishwa kwa mwezi hadi dola 20 kwa kila kaya, wakati kabla yake familia kubwa ilikuwa inafika 80.