Mguu uliojaa na mguu mtupu: maana yake katika taichi ya mapigano

Katika taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina, mguu unasemwa "umejaa" unapobeba uzito wa mwili, na ni "mtupu" usipobeba kitu au unapobeba kidogo tu. Wachina huziita hali hizi shi na xu. Yang Chengfu (1883–1936), aliyeeneza mtindo wa Yang nchini China, aliweka jambo hili kuwa la nne katika kanuni zake kumi: tofautisha kilichojaa na kilicho tupu. Ni kanuni inayoeleweka kwa dakika moja na kuchukua miaka kuingia miguuni. Bila hiyo, taichi hubaki kuwa mazoezi mazuri ya afya, lakini mtu akikukamata kola huna la kumfanya.

Kwa aliyekulia Goma, mfano uko barabarani kila siku. Mtazame kijana anayeendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo isiyo na pedali, mahali tambarare. Goti moja limelala juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma chini. Goti lile limejaa. Mguu wa kusukuma ni mtupu unapokwenda mbele, unajaa kwa kitambo kidogo unapokanyaga, kisha unakuwa mtupu tena. Akiugawa uzito nusu kwa nusu wakati wa kusukuma, chukudu inapoteza mwendo.

Kosa la kutotofautisha miguu lina jina: shuangzhong, yaani uzito pande mbili. Wengi hulielewa vibaya. Hudhani ni kosa kusimama na uzito sawa miguuni, na kwa hiyo hukwepa hata mkao wa kawaida wa kuanzia. Kusimama nusu kwa nusu si dhambi. Kosa ni kukwama hapo: mpinzani akikusukuma, huna mguu wa kuuondoa bila kwanza kuhamisha uzito, na kule kuhamisha kunachukua muda ambao yeye hakupi. Mtu anaweza kukwama hivyo hivyo akiwa na asilimia 70 mbele, kama nyonga zake zimekaza. Mguu mtupu ni mguu unaoweza kuondoka sasa hivi, kichwa kikibaki pale pale.

Vipimo vinasaidia. Katika mkao wa upinde, goti la mbele likiwa limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka bila kukakamaa, walimu wengi wa Yang hufundisha asilimia 70 mbele na 30 nyuma. Katika mkao mtupu, mguu wa mbele ukigusa chini kwa kisigino au kwa vidole tu, ni kama 10 mbele na 90 nyuma. Ukipata mizani miwili ya kupimia watu, weka mmoja chini ya kila mguu. Mwenye kilo 70 anapaswa kuona kama kilo 49 na 21 katika upinde, na kama 7 na 63 katika mkao mtupu. Karibu kila anayeanza hushangaa: anadhani mguu wa mbele ni mtupu, kumbe mizani inasoma 25.

Upana nao una maana. Visigino viwili visikae kwenye mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba. Viachane kiupande kama upana wa mabega. Vidole vya mbele vinatazama mbele, vya nyuma vimefunguka nyuzi 45 hivi. Goti lifuate uelekeo wa vidole na lisivipite. Likiingia ndani, mzigo unaangukia mishipa ya pembeni ya goti, na maumivu huanza upande wa ndani, mara nyingi baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya kila siku.

Sasa hatua yenyewe. Wazee wa taichi walisema tembea kama paka. Kaa juu ya mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mwepesi kabisa. Kunja kinena cha kulia, usiinue bega. Peleka mguu wa kushoto mbele na uweke kisigino chini bila uzito wowote. Simama hapo. Jaribu kuurudisha. Ukirudi bila kiwiliwili kuyumba, hatua ni sahihi. Ukilazimika kujisukuma kwanza, ulikuwa umeanguka juu ya mguu, hukuuweka. Ndipo unyayo ulale, ndipo uzito uhame polepole, kwa hesabu ya nne, mpaka 70. Hatua kumi namna hii zina faida kuliko kurudia fomu nzima, yaani mfululizo wote wa mienendo, ukianguka kila hatua.

Goma inaufundisha mguu kwa ukali wake. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya lava, na milipuko ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 na 2021 iliongeza lava nyingine. Uwanjani kwenye mawe meusi, kisigino kinachotangulia bila uzito kinapima jiwe kabla hujalikabidhi mwili, likicheza, unarudi. Lakini kuna jambo la kubadilisha. Katika fomu, mguu hugeuzwa kwa kuzunguka juu ya kisigino, na kwenye sementi laini au tatami, mkeka wa mazoezi, hilo halina shida. Kwenye lava, soli inashika, unyayo unabaki, goti ndilo linalozunguka. Hapo usigeuze kamwe mguu uliojaa. Utoe uzito, uinue kimo cha kidole, ugeuze, uuweke, kisha uujaze. Unapoteza nusu sekunde, unabaki na goti.

Katika mapigano dhana hii hufanya kazi mbili: kujua mguu wako, na kusoma wa mwenzako. Chukua ngumi ya mkono wa kulia inayokuja usoni. Umejaa mguu wa kulia, wa kushoto ni mtupu. Mguu wa kushoto unakwenda mbele kwa mshazari, nje ya mkono wake, karibu na mguu wake wa kulia. Mgongo wa kiganja chako cha kulia unagusa kifundo cha mkono wake kwa nje na kuusindikiza, bila kuugonga. Kiganja cha kushoto kinakaa kwenye kiwiko chake. Mpaka hapa mguu wa kushoto bado hauna kitu: akirudisha ngumi, nawe unarudi. Akiendelea mbele, unaujaza, na kiuno kinageuka kulia pamoja na mikono. Mkono ukifika kabla ya mguu, unasukuma kwa nguvu za bega tu. Mguu ukifika kwanza, umesimama karibu yake bila ulinzi.

Umsukume wapi? Chora mstari unaounganisha visigino vyake. Katika mstari huo ana nguvu, kwa sababu kila upande kuna mguu wa kumkinga. Mstari unaoukata huo katikati, kwa pembe mraba, hauna mguu. Kiwiko chake kikielekezwa huko, msukumo mdogo unamlazimisha apige hatua.

Na hatua hiyo ndiyo nafasi ya pili. Wacheza judo wanaijua kupitia de-ashi-barai: unafagia mguu pale unapoanza kupokea uzito. Ukiufagia ukiwa mtupu kabisa, anauinua tu. Ukiufagia umejaa, ni kama kupiga mti. Taichi inaongeza njia ya kuhisi wakati huo kwa mkono ulio kwenye kiwiko: mkono wake huwa mzito ghafla upande ule anaotaka kukanyaga. Zoezi la kusukumana mikono, tuishou, hufanywa hasa kwa ajili ya kunoa hisia hii, kwanza miguu ikiwa imesimama mahali pamoja, halafu mkitembea.

Anayetoka kwenye karate au ndondi ana tabia moja ya kuachishwa mapema: kurukaruka juu ya vidole. Kila anapotua, miguu yote miwili imejaa kwa kitambo, na anayemsoma husubiri kutua huko. Mfanyishe raundi za dakika mbili akiwa na kitabu kichwani, mwenzake akimgusa mabega tu. Kitabu kikianguka, mwangalie nyonga kwanza, miguu baadaye.