Selimundu huanzia ndani ya seli moja ya damu: maswali na majibu

Mtoto akipimwa na kukutwa na selimundu, ugonjwa ambao mitaani wengi wanauita sikoseli, wazazi hurudi kliniki na maswali yaleyale. Karibu yote yanajibika ukishajua seli nyekundu ya damu ilivyoundwa.

Seli nyekundu ina tofauti gani na seli nyingine?

Chukua seli ya ini. Ina utando wa nje unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, na ndani ina kiini kinachotunza vinasaba, yaani maelekezo ya kutengeneza kila protini. Ribosomu huunda protini kwa kufuata nakala ya maelekezo hayo, na mitokondria huzalisha nguvu kwa kutumia oksijeni.

Seli nyekundu nayo huanza na vyote hivyo ikiwa bado kwenye uboho wa mifupa. Ikikaribia kukomaa, inatema kiini chake. Mitokondria nazo huondolewa, na siku moja au mbili baada ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, hata ribosomu zinakwisha. Unabaki utando laini uliojaa himoglobini, protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni. (Ajabu yake ni kwamba seli hii haitumii oksijeni inayoisafirisha, nguvu yake inaipata kwa kuvunja sukari tu.)

Kwa kuwa haina mzigo ndani, inajikunja. Upana wake ni mikromita 7 hadi 8, na bado inapenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Ila bila kiini wala ribosomu haiwezi kujitengenezea protini mpya, kwa hiyo kasoro iliyotoka nayo kwenye uboho itakuwa nayo hadi ife.

Kwenye selimundu kasoro yenyewe ni ipi?

Ni herufi moja tu ya jeni, yaani kinasaba. Herufi hiyo hubadilisha asidi amino moja (kipande kidogo cha kujengea protini) kati ya 146 zinazounda mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini. Himoglobini hiyo ikiwa na oksijeni haina shida. Ikishaiachia, molekuli zake zinashikana na kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazousukuma utando, na seli inapinda kama mundu. Ikirudi kwenye mapafu hunyooka, lakini baada ya kupinda na kunyooka mara nyingi utando unaharibika na seli inabaki imepinda. Seli ngumu namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo, sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapotokea.

Kwa nini tunasisitiziwa maji?

Seli ikipoteza maji, himoglobini inasongamana ndani yake na nyuzi zinajiunda haraka zaidi. Homa, kuhara na jua kali vyote vinakausha mwili. Baridi nayo huchochea maumivu, kwa hiyo sweta si urembo.

HB (kiwango cha himoglobini) ya mwanangu ni 7. Nimpe vidonge vya madini ya chuma au juisi ya rozela?

Usimpe vidonge vya chuma kabla hajapimwa. Uboho wake unazalisha seli kwa kasi kubwa. Tatizo ni kwamba zinakufa mapema. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu siku 10 hadi 20. Chuma cha seli zilizovunjika mwili hukitumia tena, na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi. Kinachokwisha ni foliki asidi, ndiyo maana anaandikiwa. Juisi anywe kwa kiu yake. Wengi wenye selimundu huishi na HB kati ya 6 na 9. Cha kutisha ni ikishuka ghafla chini ya ile aliyoizoea.

Mbona alizaliwa mzima?

Mtoto mchanga ana himoglobini ya tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta na haiundi nyuzi. Hupungua taratibu, na dalili huanza karibu na miezi sita, mara nyingi kwa vidole kuvimba. Dawa ya haidroksiyurea inasaidia hasa kwa kuirudisha himoglobini hiyo.

Sisi wazazi hatuumwi. Ameutoa wapi?

Kwenu wote wawili. Kila mmoja ana jeni moja yenye kasoro na moja nzima, na kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mwenye selimundu. Jeni hiyo ikiwa moja humkinga mtu na malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Zikiwa mbili hakuna kinga hiyo. Malaria kwa mtoto huyu ni hatari sana, alale kwenye chandarua kila siku.

Homa kidogo nayo ni ya kukimbizwa hospitali?

Ndiyo, hata usiku. Bandama, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu, huwa cha kwanza kuzibwa na seli zilizopinda, na bakteria wa nimonia wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua ndani ya saa chache. Ndiyo sababu anapewa penisilini kila siku hadi miaka mitano. Mwombe muuguzi akuonyeshe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu imenasa humo; nenda naye saa hiyohiyo.